Riwaya zetu zinamwogopa msomaji. Ushairi je?

Mleta mada

Nimemaliza kusoma kwa mkupuo riwaya kadhaa, mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi na diwani mbili (vitabu vya mashairi). Nimetoka na dai ambalo najua litawaudhi baadhi yenu: riwaya ya Kiswahili ya miaka hii inamwogopa msomaji. Haimwachii kitu. Inamwambia nani mwovu, uovu wake umetoka wapi na atakomea wapi, kisha inayarudia yote kwa kinywa cha mhusika mwingine ili asiyesikia naye asikie. Ushairi, hata huo wa vina na mizani tunaoambiwa tangu miaka ya 1970 kwamba umechakaa, ndio unaothubutu kunyamaza.

Tuanze na majina. Katika *Kidagaa Kimemwozea* cha Ken Walibora, mtawala ni Mtemi Nasaba Bora, ndugu yake mwenye kiburi cha uandishi ni Majisifu, kijana mwema ni Amani, msichana mwema ni Imani, na mwana wa mtemi anayeasi ya baba yake ni Madhubuti. Mhusika hajafanya lolote na hukumu yake imeshatolewa. Simdharau marehemu, Mungu amrehemu. Huyu ndiye aliyetupa *Siku Njema* mwaka 1996, ambamo kijana anaondoka Tanga na kuvuka mpaka kumtafuta baba asiyemjua, na kila kurasa chache unakisia na kukosea. Ni kalamu ileile, ila mkono umebanwa na kitu.

Mimi nasema umebanwa na mtihani. Kenya, karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina alama 80, na swali moja ni alama 20. Mwanafunzi anayeweza kuandika "mwandishi ametumia majazi" (majina yanayotaja tabia ya mhusika) na kutoa mifano minne tayari ana cha kumpa msahihishaji. Tanzania ni dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi, "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma". Riwaya isiyo na ujumbe unaochomoka kwa urahisi ni hasara kwa mchapishaji, maana soko lake kubwa ni shule. Hata Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, chombo kilekile kinachoandaa mitaala. Sisemi kuna hila. Nasema mwandishi anayeandika akijua hivyo ataandikaje?

Sasa pitieni ule mkusanyiko wa hadithi fupi, *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*. Kuna "Masharti ya Kisasa" ya Alifa Chokocho: Dadi, mchuuzi wa samaki, anayakubali masharti ya Kidawa ili amwoe, halafu wivu unamtafuna mpaka anakwea bomba kwenda kuchungulia, na anaanguka. Tunacheka, tunamhurumia, na hakuna anayesimama pembeni kutuambia ndoa ya kisasa ni nzuri au mbaya. Kuna "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany. Sara amebakwa na ana mimba. Kichwani mwake anamwona baba akiwaka na kumfukuza, nasi tunaamini, maana tumelishwa hadithi za namna hiyo tangu utotoni. Mambo yanakwenda kinyume. Mwandishi amejua tunategemea nini, akaligeuza tegemeo letu kuwa sehemu ya hadithi.

Mtu huyohuyo, kama Mohammed K. Ghassani, ndiye mwenye diwani ya *N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini*, iliyoshinda tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, upande wa ushairi, mwaka 2015. Ni mwana wa Pemba anayeishi Ujerumani. Mada ya ugeni ni rahisi kuiharibu kwa kulia. Hapa nimeona mizani inafanya kazi ambayo nathari yetu imeshindwa: inaubana uchungu usimwagike. Una nafasi ya silabi nane, utasema moja na utaacha tisa. Diwani ya pili ni *Mwanangu Rudi Nyumbani* ya Dotto Rangimoto, mshindi wa 2017. Tangu jalada unaachwa na kazi. Sauti hiyo ni ya mzazi? Ya nchi? Ya lugha yenyewe inayowaita waliokimbilia kwingine? Kila nikiamua, kunabaki nafasi ya kuamua tena.

Nimesema. Karibuni mnirarue.

Mwalimu wa fasihi, sekondari

Mkuu, umeandika vizuri, ila umejinasa mwenyewe. Huo mkusanyiko wa hadithi fupi unaousifu ulikuwa kitabu teule cha KCSE, yaani cha lazima kwa mtihani! Watoto wetu wameujibia maswali ya alama 20, miongozo imeandikwa, majazi yametafutwa humo pia. Kama mtihani unaua nathari, mbona haukuiua hiyo?

La pili. Majina yanayosema yametutangulia sote. Shaaban Robert ametoa *Kusadikika* mwaka 1951, na humo Majivuno ni waziri anayeshtaki na Karama ni mshtakiwa. KCSE ilikuwa wapi? Rudi nyuma zaidi, Mwana Kupona anamuusia binti yake katikati ya karne ya 19, beti kwa beti, fanya hili usifanye lile. Fasihi yetu ni fasihi ya wasia. Unachokiita woga, wazee wetu wangekiita wajibu. Na Nasaba Bora ni kejeli, ndugu yangu. Mtu mwenye jina hilo nasaba yake ndiyo inayooza. Umeisoma kama lebo, wanafunzi wangu wanaisoma kama dhihaka.

La tatu nalisema kwa uchungu kidogo. Ondoa vitabu teule kesho uone nani atabaki anasoma riwaya ya Kiswahili. Mimi ninao wanafunzi ambao *Chozi la Heri* cha Assumpta Matei ndiyo riwaya pekee waliyoisoma mwanzo hadi mwisho. Humo wamekutana na wakimbizi wa ndani waliofukuzwa na vurugu za uchaguzi, jambo ambalo nyumbani kwao halizungumzwi. Eti kinaeleza mno! Mbele ya mtoto ambaye hajawahi kuelezwa chochote, hiyo si dosari.

Mleta mada

Mwalimu, la hadithi fupi umenibana, lakini hujaniangusha. Mtihani ni uleule, ila hadithi fupi haina kurasa za kuhubiria. Riwaya inazo 200, na hapo ndipo shinikizo linapopata pa kukaa. Ndiyo maana nikaziweka hadithi fupi upande mmoja na ushairi. Ufupi unamlazimisha mwandishi kutuamini hata kama hataki.

Shaaban Robert simgusi. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Ukiniambia nchi iko angani, nakubali waziri wake aitwe Majivuno, maana tumeshapatana kwamba huu ni mfano. Ugomvi wangu ni na riwaya inayonipa barabara, hospitali, ukoloni na uhuru wa kweli kweli, halafu ndani yake inanipandishia watu wa mfano. Na Mwana Kupona hajifichi. Anasema kwa sauti yake, kwa binti yake, akijua anaumwa. Huo ni wasia wenye mwenyewe. Riwaya inayohubiri huuficha wasia wake ndani ya mazungumzo ya watu wawili ambao hakuna binadamu anayezungumza hivyo.

La kejeli nimelipokea, linafaa kutafakariwa. Bado namuuliza Mwalimu: na Amani je? Na Imani? Kejeli iko wapi hapo?

Mtunzi wa mashairi

Niwe mkweli kwa kuwa mimi ni mtu wa vina: mleta mada anatupamba kupita kiasi. Sikiliza mashairi yanayosomwa redioni na kwenye hafla. Uchaguzi, tutie kura. Ugonjwa, tunawe mikono. Kiongozi, hongera. Ikifika silabi ya sita na wazo limekwisha, mtu anatupia "jamani" au "wenzangu" kuziba pengo, anakwenda kwenye kituo. Kuhubiri kwa mizani ni kuhubiri vilevile, tena kunakaririka zaidi. Umechagua diwani mbili zilizoshinda tuzo, ukazipambanisha na riwaya za shule. Hiyo si haki. Pambanisha tuzo na tuzo. *Mmeza Fupa* ya Ali Hilal Ali ilishinda upande wa riwaya mwaka huohuo wa 2017, *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon ikafuata 2018. Mbona hukuzitaja? Tuzo ile ilikuwa inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa, kwa hiyo huwezi kusema mwandishi wake alikuwa anamwandikia mtunga mitihani.

Tena, kunyamaza si mali ya vina. Kezilahabi aliwaudhi wazee wetu kwa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974 kwa sababu alivitupa vina, na katika *Dhifa*, 2008, alikuwa bado anaacha mianya mikubwa kuliko yetu sote. Huyo ndiye aliyemwamini msomaji, kwa shairi huru na kwa riwaya pia. *Nagona* inakueleza nini? Haikuelezi kitu!

Mleta mada

Naam, na nani anaisoma *Nagona* nje ya chuo kikuu? Hapo ndipo pananiuma. Tuna riwaya za aina mbili: inayokushika mkono hadi mlangoni, na inayokufungia nje na ufunguo. Kezilahabi kwenye *Nagona* na *Mzingile*, Wamitila kwenye *Bina-Adamu!*, hizo nazipenda lakini zinamtaka msomaji aliyekwisha kusoma mengi. Katikati ndimo ninamotafuta riwaya: inayosimulia waziwazi na bado inajua kunyamaza. *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001, inakaribia. Babu anamfufukia K, mkubwa wa serikali mwenye tumbo lake na dhamiri iliyolala, na mnakwenda wote safari ambayo hujui kama ni ndoto. Hata hivyo, babu naye akianza kusema hamalizi.

Iliyofanikiwa kabisa katika nilizosoma msimu huu ni *Peponi*, ile *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Yusuf ana miaka 12, baba yake anamtoa kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, na mtoto anaondoka akidhani anakwenda kumtembelea mjomba. Kitabu hakimkatizi. Kinamwacha adhani, mpaka Khalil amwambie dukani, kwa namna ya kejeli tu, kwamba yule si mjomba. Mwishoni (asiyesoma aruke mstari huu) anakimbilia kundi la askari wa Wajerumani, na hakuna hata sentensi moja ya kutuambia kama amefanya vema. Nililala na hilo.

Mwalimu wa fasihi, sekondari

Sasa umehama uwanja. Gurnah aliandika kwa Kiingereza, kwa wachapishaji wa London, kwa msomaji ambaye duka la vitabu analo mtaani na vitabu vingine 30 amevisoma kabla ya hicho. Msomaji huyo amefundishwa kuachiwa. Wangu hajafundishwa, na mwandishi wa Kiswahili anamjua msomaji wake.

Kuhusu Amani na Imani, nakubali sina kejeli ya kukuonyesha. Ila sikubali kwamba tatizo linaanzia kwa mwandishi. Linaanzia kwenye swali. Nikiuliza "eleza maudhui ya ufisadi katika riwaya hii", hata *Peponi* nitaigeuza hotuba. Mtaona mwongozo wake unasema Aziz anawakilisha ubepari. Nikiuliza "kwa nini Yusuf alikimbia?", hata *Kidagaa* kitafunguka, maana nacho kina mengi ambayo hatujawahi kuyauliza. Majisifu, kwa mfano. Mtu aliyeiba mswada wa kijana na bado ana watoto walemavu anaowaficha na kuwaonea aibu, na anajua ndani ya moyo wake kwamba hana kipaji. Jina linasema majisifu tu. Mtu mwenyewe ni zaidi ya jina, lakini sisi tukishapata majazi tunafunga kitabu.

Mtunzi wa mashairi

Hapo Mwalimu amesema. Lakini wanaotunga maswali ni walimu, si sisi.

Mwalimu wa fasihi, sekondari

Mtihani wa taifa siutungi mimi. Wa muhula ninautunga. Muhula ujao kidato cha tatu watapata "Masharti ya Kisasa" na swali moja tu: Dadi alitaka kuona nini alipokwea bomba? Mwongozo wowote hautawasaidia. Nitaleta majibu hapa, na mleta mada aje ayasahihishe.