Wimbo wa Taifa ndio wa kuambiwa "malizieni"?!

Wakuu, nina hasira hata chai haipiti. Nimetoka uwanjani sasa hivi, vumbi bado liko miguuni. Yule jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Miwani ya jua saa mbili asubuhi, shingoni mnyororo wa kufungia mbuzi wa ukoo mzima. Leo tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, kapewa maiki atuongoze Wimbo wa Taifa. Ubeti wa kwanza kajikongoja. Wa pili, kufika "Dumisha uhuru na..." kimya. Mara akatuelekezea maiki: "Malizieniiii!"

MALIZIENI! Wimbo wa Taifa!

Nilikuwa nimekaa na mzee wangu. Mwaka 1961 alikuwa na miaka saba, babu kambeba mabegani pale Uwanja wa Taifa, Dar. Saa sita usiku taa zikazimwa, zilipowaka bendera ya Mwingereza haipo, ya Tanganyika iko juu. Hiyo hadithi nimekua nayo. Siku hizi mzee bila fimbo hasimami, lakini leo fimbo kaiweka chini, mikono kaibana ubavuni. Pakawa kimya. Akaniuliza, "Mwanangu, umeme umekatika?"

Nimjibu nini? Kabla sijafungua mdomo akaendelea kuimba peke yake, sauti inakwaruza, watoto wa halaiki wakageuka kumwangalia. Na yule kule mbele anarukaruka: "Sijawasikiaaa!" Watoto wa chekechea wanaujua wimbo huu! Nyimbo zake za matusi anazikumbuka mpaka vikohozi, ila beti mbili za taifa lake tumalizie sisi. Malizieni! Bado nalisikia hilo neno masikioni kama nzi.

#2
Uzi bila video ni umbea. Weka video.

#3
Pole mkuu, ila hebu andika hapa ubeti wa pili wote bila kuchungulia. Tunasubiri.

#4
Huyo hata nyimbo zake anaimbia juu ya CD. Mlimpa maiki inayofanya kazi ya nini?

#5
#4 umemaliza. Kosa la fundi mitambo.

Mleta uzi
#3 nimeuimba mpaka mwisho nikiwa na mzee wangu. Ungemwona alivyosimama usingeandika hivyo.

#6
Mnagombania wimbo ambao sauti yake alitunga Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897. Wazambia nao wanautumia. Labda jamaa alikuwa anafikiria maneno ya Kizambia.

#7
Na uhuru wenyewe wa nani? Mwaka 1961 ilopata uhuru ni Tanganyika. Sisi huku Unguja siku yetu ni 12 Januari, Mapinduzi ya 1964. Msitutie kwenye kelele zenu.

#8
#7 hapo umegusa kidonda. Kwenye matangazo wanaandika "Uhuru wa Tanzania Bara". Mwaka 1961 kulikuwa na Tanzania gani, ya bara au ya mlimani? Neno Tanganyika limemkosea nani?

#9
#8 fungua uzi wako.

#10
Majirani, poleni. Sisi Kenya Jamhuri Dei ni tarehe 12. Wimbo wetu una beti tatu, na mimi sijawahi kukutana na mtu anayeijua ya tatu, hata mwalimu wangu. Alafu kila mwaka tunafika uwanjani alfajiri, tunachomwa na jua mpaka mchana, hotuba tatu, soda hakuna.

#11
Soda? Sisi tuliahidiwa fulana. Zikaja za saizi ya watoto, wajumbe wakachukua zote.

#12
Hao wajumbe nawajua. Na kofia walichukua pia.

Mleta uzi
Jamani turudi kwenye mada. Mzee mpaka sasa anaamini ni umeme. Wakati wa kula kaniuliza tena kama ulirudi. Sijamwambia ukweli. Mtu anasubiri mwaka mzima asimame dakika mbili, halafu "malizieni".

#14
Umeme huku kwetu umekatika kweli, tangu saa nne. Nina kilo nne za nyama kwenye friji, nilitunza kwa ajili ya sikukuu.

#15
#14 uko mtaa gani? Mkaa ninao.

#16
Na mimi nina ndimu na pilipili.