Wanamuziki mnaozunguka na watoto wadogo, tupeane uzoefu

Mama Bekingi
Habarini wapendwa. Mimi naimba sauti za nyuma kwenye bendi hapa Kampala, baba mtoto anapiga dramu bendi hiyohiyo, na mtoto wetu ndo ametimiza miezi nane. Desemba inakuja na nyote mnajua Desemba yetu ilivyo, kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi) Ijumaa, harusi Jumamosi, tamasha usiku, na tumeshapewa safari ya Arua siku mbili. Nataka kusikia wenye watoto wa chini ya miaka mitano mlifanyaje hasa, nani alibaki na mtoto, alikula nini, alilala wapi.

Naanza na yangu. Safari ya kwanza baada ya kujifungua ilikua Gulu, kilomita kama 330, mtoto ana miezi minne tu. Nikamuacha kwa jajja (bibi) yake Mukono na maziwa niliyokamua siku tatu mfululizo, chupa zimepangwa kwenye friji kila moja na tarehe yake. Nikajua nimemaliza kila kitu. Sasa usiku niko jukwaani, wimbo wa tatu, tumevaa gomesi (yale magauni yetu marefu ya mshipi) za njano, mtoto wa mtu akalia kule mbele ya watu, yaani hapohapo maziwa yakashuka yenyewe, gomesi ikalowa kuanzia kifuani mpaka kwenye mshipi na mimi nina mistari ya kuitikia. Nikaendelea kuimba nimeziba kwa mkono. Mwenzangu wa pembeni akaona, akafungua leso aliyojifunga kiunoni akanizungushia kifuani na hakuacha hata neno moja la kiitikio. Nilipofika garini nililia mpaka tukapita Karuma.

Sijutii kwenda, pesa ile ndo ililipa kodi ya nyumba. Sheria ya ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi na baba siku 4, ila sisi tunaolipwa kwa shoo hiyo likizo tunaisikia tu kwa majirani. Haya, semeni.

Besi wa Walukuba
Dada pole sana, hiyo ya leso imenigusa. Mimi ni baba, nipo Jinja, binti yangu alizaliwa Aprili 2020, mwezi mmoja baada ya matamasha kufungwa kwa ajili ya korona. Kazi ikaisha kabisa, nikauza ampu, nikauza gita la pili, tukala hizo pesa. Lakini nikubali kitu kimoja, kwa karibu miaka miwili nilikua nyumbani kila usiku, mimi ndo nilimuogesha, mimi nilimuona akisimama mara ya kwanza ameshika ukingo wa kitanda, na wanamuziki wenzangu wenye watoto wakubwa waliniambia hawajawahi kuona hivo vitu kwa watoto wao hata mmoja.

Sasa shoo za usiku zikafunguliwa tena 24 Januari 2022 na simu zikaanza kuita. Wiki ya kwanza nikaondoka mara tatu. Ndani ya mwezi yule mtoto akawa anaijua zipu ya begi la besi. Anaweza kuwa anacheza nje na wenzake, akiisikia tu ile zipu anakuja mbio analala juu ya begi kifudifudi, mikono ameipanua, haongei. Mke wangu alikua anamnyanyua taratibu huku mi nachungulia saa maana gari linanisubiri barabarani.

Kilichosaidia ni kuacha kutoroka. Nilikua naondoka akiwa amelala nikidhani namuonea huruma, kumbe akiamka ananitafuta mpaka chini ya kitanda. Sasa namwambia mapema, baba anaenda Mbale, analala huko mara moja, na yeye ndo anafunga zipu mwenyewe. Bado analia mara nyingine ila hashtuki usiku.

Mama Adungu
Mimi ni wa Nebbi, napiga adungu, kinubi chetu cha asili, kwenye kikundi cha ngoma. Mwanangu akiwa na miaka miwili nilienda Ulaya wiki tatu na kikundi nikamuacha kwa bibi yake. Nimerudi, nina zawadi mkononi, mtoto akajificha nyuma ya gauni la bibi, na jina la mama akawa anamwita bibi. Mwili wote uliishiwa nguvu. Ndugu wakaanza kumsukuma "nenda kwa mama, nenda", nikawaambia mwacheni. Nikakaa chini kwenye mkeka nikatoa adungu nikaanza kukaza nyuzi moja moja, sikumuangalia kabisa. Ilichukua kama nusu saa hivi, akaja akaweka kiganja kwenye ngozi ya chombo kusikia inavyotetemeka, alikua anapenda kufanya hivo tangu hajaweza kutembea. Usiku ule alilala kwangu.

Kwa mnaosafiri mbali, video za simu kwa mtoto mdogo mi siziungi mkono, wangu alikua ananitafuta nyuma ya simu halafu analia. Sauti ilifaa zaidi. Safari iliyofuata nilimtumia bibi wimbo wa kubembeleza kwenye WhatsApp, kila siku mmoja, anauweka wakati wa kulala.

Fundi wa Sauti
Mnaowabeba watoto kwenye shoo, masikio jamani!! Mimi nakaa kwenye mixa kila wikendi na naona watoto wamebebwa mgongoni mbele ya spika za besi, mama anacheza, mtoto amelala, watu wanasema "kazoea". Hajazoea. Kiwango cha kazi kwa mtu mzima ni desibeli 85 kwa saa nane, ikipanda desibeli 3 tu muda unakua nusu yake, na jukwaani kwetu 100 ni kawaida, yaani robo saa tu ndo mwisho. Sasa hiyo ni ya mtu mzima, mtoto hawezi hata kukuambia anaumia. Pamba haisaidii kitu. Tafuta vikinga masikio vya kufunika vya saizi ya mtoto, vya mafundi wa ujenzi havikai kwenye kichwa kidogo. Na hata akivaa, akae nyuma mbali, siyo pembeni ya monita, zile spika za jukwaani.

Mtoto wa Masaka
Samahani nitasema tofauti. Baba yangu alikua mpiga gita wa kadongo kamu, ule muziki wa Kiganda wa gita, nililelewa na jajja kijijini, na nilipofika P.3 (darasa la tatu) ndo nikaanza kumtambua vizuri kwa sura, kabla ya hapo nilikua nasikia tu kwamba yuko Mbarara, yuko Fort Portal. Sasa na mimi naimba, nina watoto wawili, na Jumapili sipokei kazi. Nimekosa pesa nyingi kwa hilo. Mkipata nafasi ya kuchagua safari, chagueni.

Mama Adungu
@Mtoto wa Masaka asante kwa kuandika hii. Mimi sina Jumapili ya kukataa, nalea peke yangu, ndo maana nataka bendi ziandike mtoto kwenye makubaliano, chumba na chakula cha mtu wa kumlea, mwanzoni kabisa kabla ya kusema bei. Kuna mwandaaji alinikatalia nikiwa nimeshafika, wenzangu wakachanga elfu kumi kumi nikapata chumba.

Mama Bekingi
Nimesoma zote nimesoma na mume wangu. Tumeamua hivi, mtoto anaenda Arua, ssenga (shangazi) yake anakuja nae, na kiongozi wa bendi ameshampigia mwandaaji simu kuhusu chumba, amekubali. Tunaondoka siku moja kabla, tunalala Pakwach, maana zile kilomita karibu 500 kwa mkupuo mmoja na mtoto sikubali tena. Maziwa ya usiku wa shoo yatakaa kwenye boksi la barafu hotelini na ssenga, uwanjani mtoto haji kabisa. Kadi ya chanjo iko mkobani, ile ya miezi tisa anaipata Jumatatu kabla hatujaondoka.

Leso nimenunua mbili, moja yangu, moja ya yule dada wa Gulu.

Wa Arua mliopo humu, naomba kujua kliniki ya watoto inayofungua usiku.