Tupeane uzoefu: mlioumia kichwa, maisha yakoje miaka baada ya ajali?

Wakuu, habari zenu. Kidonda changu kilipona zamani, nywele zimeota juu ya kovu, na kila anayeniona ananipa hongera. Lakini wakiongea watu watatu kwa pamoja na redio imewashwa, maneno yanageuka kelele tupu, kichwa kinagonga, inabidi nitoke nje. Ikifika jioni hata kuchagua shati la kesho ni kazi nzito.

Picha ya CT ilitoka safi. Daktari wa mishipa ya fahamu akanieleza kuwa kipimo kile huona vizuri damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, ila nyuzi za neva zilizovutika ubongo ulipotikisika mara nyingi ni nyembamba mno kuonekana. Siku hiyo nilipata cha kuwajibu wanaosema najidekeza. Kwenu kimebaki nini, na mnaishi nacho vipi?

Mama Pacha: Pole sana kaka. Aliyeumia ni mume wangu, sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia mtu asiropoke. Alikuwa mpole, sasa kijiko kikidondoka sakafuni anafoka. Daktari alitusimulia habari za Phineas Gage, msimamizi wa mafundi wa reli Marekani. Mwaka 1848 mtarimbo ulimpenya fuvu, akapona, ila rafiki zake wakasema huyu si Gage tena. Nililia. Baadaye nikasoma kwamba aliwahi kufanya kazi miaka kadhaa Chile akiendesha magari ya farasi, nikapata moyo kidogo. Siku hizi mume wangu akihisi hasira inapanda ananyanyua kiganja, naacha kuongea, anaenda chumbani. Inasaidia. Lakini jamani, kujua chanzo hakuondoi uchungu wa kufokewa mbele ya watoto. Sisi tunaouguza nasi tuulizwe hali zetu.

Msafiri: Mimi sisikii harufu. Vineva vya harufu hupita kwenye vitundu vya mfupa juu ya pua, kichwa kikigongwa vinaweza kukatika. Chakula kikiungua sijui, gesi ikivuja sijui. Kila chombo kwenye friji nakiandika tarehe.

Nuru77: Kwangu ni kifafa, na kilianza wakati kila mtu ameshasahau ajali. Dawa siruki, pombe niliacha, usingizi naulinda. Mnaoishi na mtu kama mimi: msimtie kijiko mdomoni wala msimkandamize. Mlazeni ubavu, angalieni saa. Degedege likipita dakika 5, ni hospitali haraka.

Bin Omari: Shikamooni wakubwa. Mimi nilivamiwa, na kichwa kiliguswa kidogo tu. Tatizo ni usiku. Nikisikia hatua nyuma yangu mwili unakakamaa kabla sijafikiri chochote. Nilidhani yote ni ya ubongo kuumia, kumbe hofu ya tukio nayo ina ugonjwa wake na matibabu yake. Mwanasaikolojia ananisimulisha tukio lile polepole, kipande kwa kipande. Natoka pale nimechoka hoi, lakini usingizi umeanza kurudi.

Mwanzisha mada: Marahaba mdogo wangu, asante kwa kusema. Mimi pia nashtuka hivyohivyo nikisikia breki za gari, na sikuwahi kumwambia daktari. Kliniki ijayo namwambia. Nuru77, dawa zako zinakupa usingizi mchana? Kazini unafanyaje?