Ndege kuruka bila kupiga injini fulu, ni usalama au ubahili?

Mkazi wa Kipawa: Wakuu, kijiweni kwetu huku ndege zinapopita juu ya mabati kuna jamaa kasema mashirika ya ndege yanarusha ndege kwa nguvu pungufu ili yabane matumizi, na anataka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wapige marufuku. Watu wakamcheka eti haiwezekani. Inawezekana, tena ndo kawaida dunia nzima.

Iko hivi, kabla ya kuruka marubani wanapiga hesabu ya uzito, upepo, joto, urefu wa njia ya kurukia. Hewa ya moto inapunguza nguvu ya injini, sasa wao wanaidanganya kompyuta, Dar kuna nyuzi 31 wanaiambia tuseme 50, basi injini inajipunguzia msukumo yenyewe. Njia ya JNIA, uwanja wetu wa Dar, ina kama mita 3,000, jeti nusu tupu ya Mwanza inataka nguvu zote za nini? Na kikomo kipo, kwa mtindo huu hupunguzi zaidi ya robo, na hesabu inapigwa kwa kudhani injini moja itazima kwenye ile spidi ya kuamua naruka au nasimama.

Dada Ukonga: Kwa hiyo hela yao roho zetu 😏

Mkazi wa Kipawa: Hela wanaokoa sikatai dada, ila injini ikipigwa fulu kila safari inachemka zaidi na mapanga ya turbini yanachoka mapema, sasa hiyo iliyochoka utaipanda wewe? Na rubani akitaka fulu anasukuma tu vishikio vya injini anaipata.

Mi kinachonitisha ni namba. Machi 2009 Melbourne, ndege kubwa aina ya A340 ya Emirates iliingiziwa uzito wa tani 262.9 badala ya 362.9, msukumo ukawa mdogo, mkia ukaburuza chini, njia ikaisha ndo ikapaa baada ya rubani kusukuma mpaka mwisho. Watu 275, wote wakarudi salama. Hapo marufuku ya nguvu pungufu ni kumpiga asiyehusika, sheria ikaze kwenye hesabu, kila rubani apige yake bila kuchungulia ya mwenzie ndo walinganishe.

Fundi Gongo la Mboto: Marufuku ikipita mjiandae na kelele huko Kipawa 😂

Dada Ukonga: Haya, na masika je, njia imejaa maji?

Mkazi wa Kipawa: Maji yakituama huo mchezo hauruhusiwi.

Dada Ukonga: Na nani anampimia rubani kwamba yametuama? Hapo ndo mnijibu.