MREJESHO: Neno "curate" na wanafunzi wangu wa Kihindi

Wakuu, shukrani. Niliuliza niwaeleze vipi wasemaji wa Kihindi ninaowafundisha Kiingereza, maana kamusi ilisema "curate" ni padri msaidizi, nao walilikuta kwenye habari za makumbusho.

Aliyenishauri nianzie Kilatini aliniokoa. "Cura" ni uangalizi. Katika Kanisa la Anglikana, "curate" ni kasisi anayemsaidia paroko, na asili yake ni kukabidhiwa uangalizi wa roho za watu. Wa makumbusho amekabidhiwa vitu: kuvitunza, kuvichagua, kuvipanga. Ila huyo huitwa "curator". "Curate" ndiyo kazi anayoifanya, na kitenzi hicho kilichongwa baadaye kutoka kwenye jina lake.

Kihindi hakina neno moja la kubeba yote mawili, kwa hiyo niliyatenganisha ubaoni. Wa kanisani ni "sahayak padri". Wa makumbusho ni "sangrahadhyaksh", yaani mkuu wa mkusanyo, kama wale wa Indian Museum ya Kolkata, iliyoanzishwa mwaka 1814. Hapo darasa likachangamka! Nami nilifurahi mno kuona "padri" ni lao na letu pia. Sote tulilipata kwa Wareno.

Matamshi bado yanawasumbua. Wa kanisani hutamkwa karibu na "kyurit", kitenzi huishia "-reit". Kesho tunarudia kwa sentensi, na mmoja ameomba tuanze na "curator" kwanza. Nimekubali.