Aliens: Colonial Marines: ile herufi moja inarekebishwaje?

Swali
Wakuu, gemu hili la kupigana na viumbe wa filamu ya Aliens lilitangazwa 2008 likaja kutoka Februari 2013, na viumbe wake wanakujia mbio moja kwa moja kama kuku walioona mtama. Nasikia kosa ni herufi moja kwenye faili. Inarekebishwaje? Na je, ndiyo iliyoharibu kila kitu?

Jibu 1
Ni kwa kompyuta tu mkuu. Kwenye mashine za gemu kama PS3 na Xbox 360 faili hulifikii. Funga gemu. Ingia Documents, My Games, Aliens Colonial Marines, PecanGame, kisha Config. Weka nakala ya PecanEngine.ini pembeni, halafu fungua lenyewe kwa Notepad, bonyeza Ctrl+F, andika Teather. Utaukuta mstari huu:

ClassRemapping=PecanGame.PecanSeqAct_AttachXenoToTether -> PecanGame.PecanSeqAct_AttachPawnToTeather

Futa hiyo "a" isomeke Tether, hifadhi, basi. Mshale na nukta usiviguse.

Jibu 2
Naongezea kwa nini inaleta tofauti. Hiyo "tether" ni kama kamba ya mbuzi malishoni: inamfunga kiumbe kwenye eneo lake, naye ndani ya eneo hilo anazunguka, anabadili nafasi, anakuvizia ubavuni. Jina likikosewa, injini (Unreal Engine 3, programu inayoendesha gemu) inatafuta kitu kisichokuwepo na kukaa kimya, haitoi hata onyo. Kamba haifungwi, kiumbe anabaki na kazi moja: kukukimbilia. Ndiyo maana kosa lilikaa miaka, hadi 2018 ndipo habari ikasambaa.

Jibu 3
Tusiitwike herufi mzigo wote. Je, ndiyo iliyozima vivuli na mwanga vilivyoonyeshwa kwenye maonyesho ya magemu ya E3 2011? Kazi ilipita mikononi mwa studio za Gearbox na TimeGate, na kilichouzwa hakikufanana na maonyesho. Wanunuzi walifungua kesi huko Marekani, Sega, kampuni iliyolichapisha, ikakubali kulipa dola milioni 1.25. Toleo la Wii U, mashine ya Nintendo, nalo lilifutwa kabisa. Askari wenzako wanaoendeshwa na kompyuta nao watabaki mizigo vilevile hata ukirekebisha. Kwa picha na mengineyo tafuta modi (marekebisho ya mashabiki) ya ACM Overhaul kwenye tovuti ya ModDB, na ukishaiweka lifungue tena faili uhakikishe "a" haijarudi.

Muulizaji
Nimebadilisha gemu likiwa wazi, sioni tofauti.

Jibu 1
Faili husomwa gemu linapowaka. Zima, washa, anza hatua upya.