Boma la Mjerumani kule Old Moshi, nani anajua historia yake?

Kijana wa Majengo: Wakuu habari, hivi kwanini Mjerumani aliweka ngome mlimani Old Moshi asiweke huku mjini?

Mchagga Halisi: Mkuu enzi hizo mji ulikuwa kulekule, huku chini watu wameshuka reli ya Tanga ilipofika. Na Wajerumani hawakukaa kirahisi ujue, 1892 Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, aliwachapa mpaka kamanda wao von Bülow akafa, ikabidi 1893 gavana von Schele aje mwenyewe na jeshi kubwa ndo Meli akazidiwa.

Mama Kihamba: Af Machi 1900 wakamnyonga Meli pale Tsudunyi, hukohuko Old Moshi, mti wa mgunga wenyewe mpaka leo upo, inasemekana kichwa kilipelekwa Ujerumani, ukoo bado unakitafuta. Inauma sana aisee.

Kijana wa Majengo: Duh! Jumamosi napanda.